Mpaka Aliounyoosha Baba

Wako ndugu zangu watakaonuna wakisoma habari hizi. Shangazi yangu mmoja ameshanipigia simu kuniambia kwamba baba wa mtu hasimuliwi hivyo, tena akiwa hai. Nimemjibu kwamba baba mwenyewe ameniruhusu, na kama yeye anaona aibu, basi aione huko huko Bomang'ombe aliko. Mimi sioni aibu. Mimi najivunia, na nitaeleza kwa nini. Asiyetaka kusikia afunge ukurasa.

Baba yangu anaitwa Wenseslaus. Ni mkulima wa Kirua Vunjo na ana miaka sabini na moja. Ukikutana naye njiani hutageuka kumtazama mara ya pili: mtu mfupi, miguu imepinda kidogo, koti la kijivu alilonunua mtumbani Moshi mjini mwaka niliomaliza kidato cha nne. Lakini uliza mtu yeyote kijijini kwetu ni nani anayejua mifongo. Mfongo ni ule mfereji waliouchimba mababu zetu kutoka mtoni huko juu, unateremka ukipita mashambani, na kila nyumba ina zamu yake ya maji. Ukibomoka kingo, anaitwa baba. Ukiziba, anaitwa baba. Anachuchumaa, anatazama ardhi kwa muda, anakuonyesha kwa kidole maji yatakapopita, nayo yanapita hapo hapo. Nyumba yetu aliijenga mwenyewe. Watoto watano tumesoma kwa kahawa yake na maziwa ya ng'ombe wake. Kanisani ni mwenyekiti wa jumuiya yetu, na ugomvi mwingi wa majirani huishia kwenye benchi la barazani kwake.

Mtu huyo aliiba, na aliyemwibia ni mjane wa mdogo wake.

Babu yangu alikuwa na kihamba kimoja, yaani shamba la ukoo, lenye migomba, kahawa, nyumba na makaburi yetu humo humo. Alikigawa kwa wanawe wawili. Baba, aliye mkubwa, alipewa upande wa juu. Primus, mdogo, alipewa nyumba ya wazazi na upande wa mfongo, kama ilivyo desturi yetu. Katikati yao babu alipanda masale. Wa huku hawahitaji kuelezwa, lakini kwa mgeni nitasema: isale ni mmea wa majani marefu mapana, na Mchagga akiliona limepandwa mstari shambani anajua hapo ndipo mpaka. Mmea huo huo ndio tunaoombea msamaha. Ukimkosea mtu, unafunga jani la isale fundo, unampelekea mkononi, naye hana ruhusa ya kulikataa.

Mpaka wa babu ulikuwa na kona. Mfongo ulikwenda moja kwa moja, lakini masale hayakuufuata. Yaliacha ukanda mwembamba ng'ambo ya maji, upana wa hatua mbili na urefu wa hatua arobaini, ukawa wa Primus. Ukanda huo hauna kahawa wala mgomba. Una majani ya ng'ombe tu. Lakini kwa kuwa uko kandokando ya maji, majani yake hayakauki hata Januari, wakati majani ya kila mtu yamekuwa makapi. Baba aliutazama ukanda ule tangu ujana wake. Aliniambia mwenyewe, "Sikuupenda kwa sababu nauhitaji. Niliupenda kwa sababu alipewa Primus."

Primus alifariki mwaka 2009. Mwaka uliofuata, Jumapili ya Matawi, kijiji kizima kiliondoka asubuhi kwenda kwenye maandamano ya kanisani. Baba alimwambia mama yangu, Mektrida, kwamba mgongo unamuuma. Watu walipokuwa wakiimba Hosana kule barabarani, yeye alikuwa na panga shambani. Aliyakata masale yote ya babu, akachukua vipande, akavichomeka upya hatua mbili mbele, kwenye ukingo wa maji kabisa. Ilikuwa masika na udongo ulikuwa laini kama uji. Isale halichagui, ukilichomeka linashika. Watu walipotoka misani kazi ilikuwa imekwisha na baba alikuwa kitandani amejifunika shuka.

Salvina, mjane wa Primus, aliuona ua ule mpya keshoye alipokwenda kukata majani. Akamwita baba. Hakumwita kwa ugomvi, maana Salvina ni mtu wa taratibu, na mwaka wa msiba ulikuwa bado haujaisha. Alimuuliza tu kulikoni.

"Nimeunyoosha mpaka, shemeji," baba akasema. "Masale yalikuwa yamehama yenyewe kwa mvua. Sasa yanafuata maji, kama marehemu baba alivyotaka."

Nani atabishana na kaka mkubwa wa marehemu mumewe, mtu anayejua mifongo kuliko kijiji kizima? Salvina aliamini. Tena wiki iliyofuata alipika mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, akamletea baba kibuyu kizima, kumshukuru kwa kazi. Baba aliinywa. Anasema hadi leo hakumbuki ladha yake, anakumbuka tu kwamba alimaliza.

Sasa sikiliza kilichofuata, kwa sababu watu hudhani adhabu ya dhambi ni radi ipigayo nyumba. Nyumba yetu haikupigwa radi. Kahawa ilizaa vizuri mwaka ule. Kilichotokea ni kitu kidogo ambacho mkulima yeyote angekijua, na baba alikijua pia, ila siku ile tamaa ilimfumba macho: ukikata isale, shina lake lililobaki ardhini halifi.

Mwezi wa Mei, kwenye mstari wa zamani, yakatokea machipukizi. Mamia kwa mamia, yamejipanga hatua arobaini, kila moja mahali pake pa zamani. Baba akayang'oa. Baada ya wiki mbili yakarudi. Akachimba mashina, lakini mizizi iliyokatika ikatoa machipukizi mengine. Kiangazi kilipoingia yakatulia, baba akapumua. Masika ya mwaka uliofuata yakatokea tena, na mwaka uliofuata tena. Mstari ule ungeachwa wiki moja tu, kipofu angeuona mpaka wa babu.

Basi baba akawa mfungwa. Kila masika, kuanzia Machi hadi Juni, aliamka kabla ya wote, akaenda mpakani, akapiga magoti kwenye umande na kung'oa. Mama alimwona mara nyingi kwa mbali, amepiga magoti, kichwa kimeinama, akadhani anasali. Akawaambia wanawake wa jumuiya. Wanawake wakawaambia waume zao. Ndivyo baba alivyochaguliwa mwenyekiti: kwa ajili ya sala zake za alfajiri. Nilipolisikia hilo nilicheka mpaka nikakaa chini, kisha nikalia, kwa sababu nilijua mama alivyokuwa akitembea kifua mbele akiitaja ile sala.

Mimi nilifunga ndoa Dodoma mwaka 2016, Jumamosi ya pili baada ya Pasaka. Nilimtumia baba nauli miezi miwili kabla. Hakuja. Alisema mgongo. Nikasindikizwa kanisani na baba mdogo wa upande wa mama, mtu mwema, lakini si baba yangu. Kwa miaka minane sikumsamehe. Nilikuwa nikija nyumbani Krismasi nakula kiburu chake cha ndizi na maharage, naongea na mama, naye namjibu kwa neno moja moja. Hakujitetea hata siku moja. Angesema nini? Kwamba alishindwa kunipeleka altareni kwa sababu anang'oa machipukizi?

Na huku ng'ambo ya mfongo mambo yalikuwa yakienda yenyewe. Salvina alipokosa ule ukanda, alikosa majani ya kiangazi. Ikambidi ashuke tambarare pamoja na wanawake vijana, akate huko, apande mlima na mzigo kichwani. Alifanya hivyo miaka kumi. Kisha mgongo wake, ambao haukuwa wa kusingizia, ukagoma. Akauza ng'ombe. Kihamba kisicho na ng'ombe hakina samadi, na mgomba usio na samadi unatoa mkungu wa kumwonea huruma. Kahawa ikawa ya njano. Mwanawe Lucky, fundi umeme aliyejenga nyumba Shirimatunda, Moshi mjini, akaja akatazama hayo yote akasema, "Mama, hapa unahangaika na nini? Twende mjini." Salvina alikataa mara mbili. Mara ya tatu, mwanzo wa Kwaresima ya mwaka 2024, alikubali. Ikapangwa ahame Jumapili ya Matawi, Lucky akiwa na gari la kuazima. Angeacha nyumba ya wakwe zake na kaburi la mumewe.

Aliyepewa habari hiyo kwanza alikuwa baba, kama mkubwa wa ukoo. Salvina alikuja kumuaga vizuri, kwa heshima, akamwomba awe anapalilia kaburi la Primus. Mama anasema siku hiyo baba hakula. Alikwenda shambani kwa Salvina akatembea mgomba kwa mgomba, akishika majani, na kila alichokiona alijua kimetoka wapi. Hatua mbili za majani zilikuwa zimekula ng'ombe, samadi, migomba, kahawa, na sasa zilikuwa zinamla mwenye nyumba.

Hapa niseme jambo moja la haki. Baba hakuwa amekaa kimya kabisa mbele ya Mungu. Kila Kwaresima alikwenda kuungama, na kila mwaka alilitaja jambo hilo. Lakini alilitaja hivi: "Padre, nilinyoosha mpaka wa shemeji yangu." Mapadre wetu wa miaka ile walikuwa wageni, mmoja wa Mbulu, mwingine wa Sumbawanga. Watajuaje? Walisikia mzee amemnyooshea mjane ua. Mmoja alimwambia kunyoosha si dhambi, mzee wangu, Mungu akubariki. Mwingine alimpa Salamu Maria tatu kwa ajili ya yale mengine. Baba alitoka na baraka ya wizi wake, na Mei akarudi kung'oa. Sidhani kama kuna ukaidi mwingine wa namna hiyo duniani, wa mtu kwenda mwenyewe kwa daktari halafu akamwonyesha mguu mzima.

Mwaka huo padre alikuwa mpya, Padre Ildefonce, mtoto wa Rombo, ambaye nyumbani kwao pia kuna masale. Baba alipiga magoti akasema maneno yake ya kila mwaka.

Padre akauliza, "Mzee, uliunyoosha kuelekea kwa nani?"

Miaka kumi na minne hakuna aliyemuuliza hivyo.

"Kuelekea kwangu, Padre."

"Basi hilo lina jina lake. Liseme."

"Niliiba."

Anasema neno hilo lilitoka na kilio ambacho hakukipanga. Akaeleza yote: matawi, panga, mbege, machipukizi, harusi yangu, mgongo wa Salvina. Akasema pia kwamba Mungu amemwandama miaka yote ile, kila masika anamfichua, hamwachi apumzike.

"Amekuandama?" padre akasema. "Mzee, angetaka kukufichua angemleta Salvina pale siku moja tu ya Mei. Amekuita kwa siri, mwaka hata mwaka, ili uje mwenyewe. Ni huruma hiyo. Wewe ulikuwa unaing'oa." Kisha akamwondolea dhambi zake, na malipizi hayakuwa Salamu Maria. "Nenda kwa shemeji yako kabla hajahama. Na usitumie lile neno lako."

Nikisema najivunia, watu hudhani naanzia hapo. Hapana, kuungama ni faragha, na hata mwoga anaweza. Naanzia asubuhi ya pili yake.

Baba alimweleza mama kwanza. Mama, maskini, alikaa kwenye kigoda akauliza jambo moja tu: "Kwa hiyo hukuwa unasali?" Alipojibiwa, aliinuka akajifunga kanga, akasema twende, nitakusindikiza. Baba alitaka jani la isale. Alipita kwenye ua mpya bila kuugusa, akasema hawezi kuombea msamaha kwa kitu cha wizi. Kwenye mstari wa zamani machipukizi ya mwaka huo yalikuwa yameanza, urefu wa kiganja, na hakuwa ameyang'oa. Akavunja jani moja dogo huko, akalifunga fundo.

Salvina alikuwa jikoni nje anamenya ndizi, mikono imejaa utomvu. Haya mengine alinisimulia mama. Walisalimiana. Salvina aliona jani mkononi mwa baba akaacha kisu. Kwetu isale mara nyingi huletwa na mzee kwa niaba ya mkosaji, na baba amewapelekea watu masale mengi maishani mwake.

"Karibu, shemeji. Nani amenikosea mpaka nikuone wewe na isale?"

"Ni mimi."

Akacheka kidogo. "Wewe tena?"

"Ule mpaka sikuunyoosha, Salvina. Niliuiba. Majani yale ng'ambo ya maji ni ya Primus. Niliyakata masale ya baba siku ya Matawi, nyie mkiwa kanisani."

Salvina alichukua kisu chake. Akamenya ndizi ya kwanza, akaiweka kwenye sufuria. Akamenya ya pili. Mama anasema hata kuku walinyamaza, ingawa mama huongeza chumvi.

"Nilikuletea mbege," Salvina akasema.

Baba akainamisha kichwa.

"Nilitwanga ulezi kwa mikono yangu nikiwa bado na nguo nyeusi, nikakuletea mbege, Wenseslaus. Nikasema, Mungu amenichukulia mume ameniachia kaka. Nimepanda mlima huu na majani kichwani miaka kumi, unanipita njiani unaniambia pole na mzigo!" Akalitupa kapu la maganda. "Pole na mzigo!"

Alisema mengine ambayo mama alikataa kunisimulia. Lucky alipopigiwa simu alisema ni kwenda baraza la ardhi, kama si polisi. Lakini jani lilikuwa bado mkononi mwa baba, limenyooshwa. Salvina alipochoka kusema alijifuta utomvu kwenye kanga, akalipokea. Hakulipokea kwa tabasamu.

"Nimelipokea kwa sababu halikataliwi, na kwa sababu na mimi nina makosa yangu kwa Mungu. Lakini utairudisha mipaka ya Primus kwa mikono yako, peke yako, siku ile ile ya Matawi. Misa ya kwanza uhudhurie, usije ukaniongezea dhambi juu ya dhambi. Misa ya pili ikitoka, watu wote wakukute pale. Hukuwataka waone. Sasa waone. Na mimi naondoka na Lucky mchana wake, nikishaona."

Mama alinipigia simu Dodoma. Nilifika Ijumaa na hasira ambayo sijui niielezeje. Shikamoo niliitoa nusu. Nilipiga meza mpaka kikombe kikaruka. Nilimwambia baba kwamba aliiuza harusi yangu kwa majani ya ng'ombe. Akasema ndiyo. Nilitaka abishe, ili nipate kuendelea, lakini aliitikia tu kila kitu: ndiyo, Violet, ni kweli, Violet. Nilipoishiwa, nikahamia upande wa pili. Nikamwambia sasa hii ya Jumapili ni ya nini, mzee mzima kupiga magoti matopeni mbele ya kijiji, wajukuu watachekwa shuleni, rudisha ukanda kimya kimya yaishe.

"Kimya nimekaa nacho miaka kumi na minne," akasema. "Nakijua. Hakisaidii."

Jumapili hiyo mvua ilikuwa imenyesha alfajiri na mlima ulikuwa wazi. Njia ya kutoka kanisani inapita kando ya mfongo, hatua kumi tu kutoka mpakani. Baba alivaa shati jeupe la misa na koti lake la kijivu. Hakubadilisha. Alisema anakwenda kufanya jambo la misa. Aling'oa ua wa wizi wote, akaviweka vipande kwenye rundo, akaanza kuchomeka upande wa juu. Tulikuwa mimi na mama tumesimama chini ya mgomba. Lucky alikuwa ameegesha lile gari nyumbani kwa mama yake, magodoro, sufuria na kabati vimeshafungwa kamba nyuma. Salvina alikaa kwenye kigoda mlangoni, amevaa tayari kwa safari, anatazama.

Wakaja. Kwanza watoto wakipeperusha matawi, kisha wanawake, kisha wazee. Walipomwona mwenyekiti wa jumuiya yuko matopeni siku ya Bwana, wakapunguza mwendo. Mzee Yohana, ambaye amegombea uenyekiti na baba mara mbili na kushindwa mara mbili, ndiye aliyesimama kabisa.

"Tumsifu Yesu Kristo, meku, mzee mwenzangu. Kazi gani tena hii Jumapili?"

"Milele na milele, amina." Baba aliinua uso. Angeweza kusema lolote. Angesema ananyoosha. Mimi mwenyewe, Mungu anisamehe, nilikuwa namwombea aseme lile neno, moja tu, tupite salama.

"Narudisha mpaka wa marehemu Primus," akasema, kwa sauti ya kufika barabarani. "Niliuiba kabla mwaka wa msiba wake haujaisha. Aliyesikia amwambie ambaye hajasikia."

Nimewahi kuona watu wakipigiwa makofi. Nimeona wakuu wakishuka kwenye magari na watu wakisimama. Siku ile hakuna aliyepiga makofi. Wengine walishika mdomo, kijana mmoja akacheka, binti mmoja akatoa simu apige picha, nikamtazama kwa namna ambayo aliirudisha mkobani. Nami nikasikia kifuani kitu ambacho sikukitegemea, kikubwa, cha moto, nikajua ni fahari. Nilitaka kupiga kelele: mnamwona yule? Yule ni baba yangu! Mimi ni wa yule! Miaka minane nilikuwa nimeona aibu ya kuwa na baba asiyekuja harusini, na sasa alipokuwa na tope hadi kiunoni mbele ya watu mia tatu, sikuona aibu hata chembe. Yohana alibaki amesimama. Kisha alivua kofia, hakusema neno la ushindi, akaendelea na njia yake. Kwa hilo nimemheshimu tangu siku hiyo.

Nikavua viatu niende kusaidia. Baba akanizuia kwa kiganja. "Peke yangu, alisema."

Alipofika katikati ya mstari, Salvina aliinuka kwenye kigoda. Alikuja polepole na mgongo wake, akavuka mfongo kwenye jiwe, akasimama juu ya kamba ambayo baba alikuwa ameitandaza kufuata. Akaitazama huku na huku.

"Hii kamba umeiweka wapi?"

Baba akafuta uso, akaongeza tope badala ya kuondoa. "Nimeingia kwangu hatua moja, shemeji. Ni nyongeza. Zakayo alirudisha mara nne."

"Mimi ndiye niliyemdai Zakayo?" Sauti yake ilikuwa kali, na watu waliobaki njiani wakageuka. "Primus alikuwa na mpaka wake. Baba mkwe aliupanda, na mimi naujua, ingawa niliamini maneno yako, unatoka kwenye lile jiwe unakwenda kwenye mti wa msesewe. Ukinipa hatua ya kwako, kesho wajukuu zako watasema bibi Salvina alikula ardhi ya babu yao. Usinifanye na mimi niwe mwizi. Rudisha kamba."

Baba akang'oa vijiti vya kamba na masale aliyokwisha kuchomeka, akaisogeza kamba chini. Salvina akamwambia bado. Akaisogeza tena. Bado kidogo. Kisha Salvina, ambaye hakuwa ameinama mwaka mzima, akashika kiuno kwa mkono mmoja, akainama, akalivuta mwenyewe fundo la kamba kwenye kijiti cha mwisho mpaka likakaa. Majani ya ukanda ule yalikuwa yamefika kiunoni, mabichi, yameloa mvua. Alipitisha kiganja juu yake kama mtu anayepapasa mgongo wa ng'ombe.

Lucky alikuwa amewasha gari. Akapiga honi mara mbili, kisha akatoa kichwa dirishani.

"Mama! Twende, jua linapanda!"

Salvina hakugeuka. Alikuwa bado anatazama majani.

"Shusha godoro," akasema.

"Mama?"

"Lucky, nimesema shusha godoro. Na ukimaliza uende kwa watu uniulizie ndama."